Siku Serikali Ilipokwenda Kuoga

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo popote. Nalisema hili mapema ili tuelewane. Msomaji atakayeinua macho akaiona ng'ambo ya dirisha lake, ajue macho yake yamechoka na anahitaji kulala. Nchi hiyo ilikuwa na mlima mmoja, bendera moja, Mkuu mmoja, na matatizo ambayo serikali ilikuwa imeshayamaliza yote. Barabara zilikuwa zimetengenezwa kwa hotuba, hospitali zilikuwa zimejaa dawa katika taarifa ya habari, na maji yalikuwa yakitiririka katika mabomba yote yaliyochorwa kwenye ramani. Kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha na mishahara bado inaendelea, serikali ikatafuta kitu cha kufanya, ikaona maamkizi.

Zamani watu wa nchi hiyo walikuwa wakiamkiana kama sisi tu. Mdogo anasema shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba, kila mmoja anakwenda zake. Lakini utaratibu huo ulikuwa na dosari kubwa, nayo ni kwamba ulifuata umri. Waziri mzima, ameshuka kwenye gari lenye bendera, alijikuta akimwamkia mlinzi wa geti lake kwa sababu tu mlinzi aliwahi kuzaliwa. Na mlinzi, bila haya hata kidogo, anaitikia. Bunge likakaa, likasikitika, likapitisha Sheria ya Maamkizi.

Sheria yenyewe hata mtoto angeielewa. Kila mtumishi wa serikali alipewa kofia, na urefu wa kofia ndio ukawa urefu wa cheo. Kofia fupi huamkia, kofia ndefu huitikia. Raia, ambao hawakuwa na kofia, waliwaamkia wote wenye kofia. Wao kwa wao waliachwa waamkiane wapendavyo, maana serikali haikuona faida ya kujisumbua. Aliyempita mwenye kofia ndefu bila kumwamkia alishtakiwa kwa ukavu wa shingo. Aliyeitikia marahaba isiyo yake alishtakiwa kwa kujipandisha, na hilo lilikuwa kosa baya zaidi, kwani lilikaribiana sana na kupindua nchi. Tena aliyekwisha kuamkia hakuruhusiwa kuondoka mpaka aitikiwe, ili shikamoo za taifa zisipotee ovyo.

Kofia ya Mkuu ilikuwa ndefu hata milango ya Ikulu ikabomolewa na kujengwa upya. Nyuma yake alitembea mtu mwenye mti wa panda, kazi yake kuitegemeza kofia siku za upepo. Hakuna mtu katika serikali nzima aliyewahi kumwona Mkuu kichwa wazi, na wengine waliamini kwamba kofia ile ilianzia shingoni. Kwa kuwa kofia ndefu ya nguo nzito ingemvunja mtu mgongo, zote zilitengenezwa kwa kadibodi iliyogandishwa kwa uji wa ngano, juu ikavishwa kitambaa cha kung'aa. Kwa mbali ungesema ni za chuma.

Katika serikali hiyo alikuwamo Bwana Kiondo, Naibu Msaidizi wa Mkurugenzi katika Idara ya Milima. Idara ilikuwa na mlima mmoja na wakurugenzi wengi, hivyo kazi haikuwa nzito. Zamani Bwana Kiondo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka, mwenye chaki kwenye nywele na mke anayempenda. Siku alipopewa kofia yake, fupi tu, ya vidole vinne, furaha ilimpanda kichwani pamoja na kofia. Alifika nyumbani, hakuingia. Alisimama mlangoni, akakohoa, akangoja aamkiwe.

Mkewe, Bi Mwatatu, alikuwa akipepeta mchele. Aliinua macho, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akaweka ungo chini. Akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa Naibu Msaidizi." Bwana Kiondo akaitikia marahaba, na kwa kweli ilimnogea.

Kesho yake akaamkiwa tena vivyo hivyo. Na keshokutwa. Wiki ilipokwisha akamwambia mkewe, kwa upole, kwamba humu ndani si ofisini, haina haja. Bi Mwatatu akamjibu kwamba sheria ni sheria, yeye hataki kushtakiwa kwa ukavu wa shingo. Miaka ikapita. Binti yao Tunu akaolewa akaondoka, nyumba ikabaki na watu wawili na kofia moja, na kila asubuhi shikamoo ilikuja pamoja na chai, safi, kamili, imenyooka, baridi. Kabla ya kofia mkewe alikuwa akimwita Baba Tunu. Jina hilo lilikuwa limetoweka ndani ya nyumba, na Bwana Kiondo, aliyekuwa na mshahara na kiti cha kuzunguka, hakutaka kitu kingine duniani ila kulisikia tena. Angeomba msamaha, lakini hakujua pa kuanzia, na kila alipotaka kuanza aliamkiwa.

Sasa, kila mwaka serikali hiyo ilipanda mlima. Ilianza hivi: Mkuu, katika ujana wa utawala wake, alipanda juu, akaitazama nchi, akasema kwamba kutoka pale matatizo ya wananchi yanaonekana madogo sana. Neno lile lilipendwa mno. Tangu hapo, kila Siku ya Mlima serikali nzima ilipanda kwenda kuhakikisha kwamba matatizo bado ni madogo, ikashuka imeridhika. Mawaziri walipanda kwa miguu, viti vyao vikachukuliwa mabegani na wapagazi. Mkuu mwenyewe alipanda kwa moyo, na mwili wake ukafikishwa kileleni kwa gari, kwa barabara ya lami iliyopita nyuma ya mlima na ambayo kwenye ramani iliitwa mto.

Mwaka huo liliongezwa jambo. Ilitolewa amri kwamba wake wa watumishi nao wapande, bega kwa bega na waume zao, wakiwa wamebeba chakula. Kileleni waliwekwa katika kwaya, wakaimba wimbo wa kumlaki Mkuu tangu asubuhi mpaka Mkuu alipofika, yaani baada ya chakula cha mchana. Kwa ukungu na vumbi na ubeti uliorudiwa bila huruma, Bi Mwatatu sauti ilimkauka, ikawa nene na ya kukwaruza kama ya mzee mvuta tumbaku. Kila msimu wa baridi ilimkauka hivyo hivyo, na zamani Bwana Kiondo alikuwa akimtania kwa hilo na kumchemshia tangawizi.

Mkuu alisimama ukingoni, mti wa panda nyuma yake, akaitazama nchi. Akasema matatizo ni madogo. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ndipo macho yake yakashuka chini ya mlima, upande wa mashariki, ambako mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kati ya mawe. Yalikuwa ni Majimoto, chemchemi ya umma, ambayo wananchi walikwenda kuoga na kukanda viungo bila malipo na bila hotuba. Mkuu aliutazama mvuke ule, mdomoni mna karanga, akasema, "Hivi yale maji..." Halafu akaendelea kutafuna. Alipomaliza kutafuna alikuwa amesahau. Akaingia kwenye gari, gari likateremka likapotea nyuma ya mlima.

Serikali ikabaki na nusu ya sentensi.

Msomaji wa nchi ya kawaida anaweza kudhani hilo si jambo. Katika nchi hiyo nusu ya sentensi ya Mkuu iliwahi kujenga uwanja wa ndege. Njia nzima ya kuteremka hakuna aliyezungumza lingine. Wapo waliosema Mkuu alikuwa akitaka kuuliza kama yale maji yanafaa kwa miguu iliyochoka, na kwa hiyo huo ni mwaliko. Wapo waliosema alitaka kuuliza kwa nini bado hayajabomolewa. Waziri wa Ukame, mtu mwenye hofu nyingi, alisema pengine Mkuu alikuwa akiwapima imani, naye hakutaka kutaja alikuwa akiwapima kwa lipi.

Walipofika chini njia iligawanyika. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye mabasi yaliyokuwa yakiwangoja, mkono wa kushoto ulikwenda Majimoto. Hapo Mheshimiwa Dokta Pazi, Waziri wa Maamkizi na mwenye kofia iliyopitwa na ya Mkuu peke yake, akainua mkono akasimamisha msafara. Ikaundwa palepale Kamati ya Muda ya Kutafakari Suala la Kuoga. Wapagazi wakaambiwa waweke viti chini, mawaziri wakakaa. Wapagazi, kwa kuwa hawakuwa wajumbe, wakaenda zao Majimoto kuoga.

Hoja zilikuwa nzito. Ikiwa Mkuu ameshatangulia majini, na serikali ikapanda mabasi ikaondoka, hiyo itakuwa dharau. Lakini ikiwa Mkuu hayuko majini, na serikali ikaingia, hiyo itakuwa kumtangulia Mkuu majini, na hakuna aliyeweza kukumbuka adhabu yake kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu. Mmoja akaapa kwamba gari la Mkuu ameliona likikata kuelekea Majimoto. Mwingine akaapa ameliona likielekea mjini. Wote wawili waliliona kwa macho yao, na kwa kuwa kofia zao zilikuwa sawa, kamati iliamini wote wawili. Tena kulikuwa na tatizo la kofia zenyewe. Ilijulikana kwamba penye Majimoto kuna kibao kilichoandikwa na wananchi wasiojulikana, nacho kinasema viatu na kofia viachwe nje, maji ni ya kuoga.

Bwana Kiondo alisimama nyuma kabisa, walikosimama wenye kofia fupi. Alikuwa akiyatazama Majimoto. Huko ndiko alikoonana na Bi Mwatatu mara ya kwanza. Yeye alikuwa mwalimu kijana amewaleta wanafunzi matembezini, na yeye Mwatatu alikuwa msichana wa kijiji cha jirani, amekaa majini na kanga yake, akamcheka kwa jinsi alivyoingiza kidole kimoja cha mguu akakitoa mbio. Akamwonyesha pa kukaa, penye pembe ya jiwe, mahali maji yanapochanganyika ya moto na ya vuguvugu. Walipooana alimwahidi kwamba watarudi. Kila mwaka alipanda mlima huu, na kila mwaka alipanda basi akarudi nyumbani pamoja na kofia nyingine.

Akiwa anawaza hayo, Bi Mwatatu alitua hotipoti yake ya pilau juu ya kiti kimojawapo kilichokuwa wazi cha waziri. Akafunga kanga vizuri.

"Mheshimiwa Naibu Msaidizi," alisema kwa ile sauti iliyokwaruza, "mimi nakwenda kuoga. Ukipenda njoo. Usipopenda, basi lako ni lile pale."

Hakusubiri jibu. Alikwenda kwa mwendo wake wa taratibu, mgongo umenyooka, mpaka mvuke ukammeza. Bwana Kiondo akamfuata kwa macho, na moyo ukamuuma waziwazi, kwa sababu alijua kwamba akipanda basi safari hii, ataamkiwa mpaka siku ya kuingia kaburini.

Ndipo akafanya jambo ambalo mwenye vidole vinne halifanyi. Aliinua mkono katika kamati. Wote wakageuka. Dokta Pazi akamruhusu aseme, zaidi kwa mshangao kuliko kwa hiari. Bwana Kiondo akasema, huku akitafuta maneno, kwamba tukienda tukamkuta Mkuu, tumetii. Na tukienda tusimkute, hatujaoga, tumekagua.

Ukatoka mguno wa kuridhika, kwani ukaguzi, kama kila mtumishi ajuavyo, una posho. Dokta Pazi akatangaza kwamba yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisema hilo. Serikali ikanyanyuka, ikakata kushoto.

Penye kibao walisita tena, lakini mguu ukishafika penye maji moto hurudi nyuma kwa shida. Wakavua kofia moja moja, wakigeuza nyuso zao wasionane vipara, wakazipanga juu ya jiwe refu lililo ukingoni, kubwa mbele, ndogo nyuma. Ya Bwana Kiondo ikakaa mwisho kabisa, imeegemea kichaka. Mvuke siku hiyo ulikuwa mzito, mtu hakuona zaidi ya mkono wake. Wakabaki na kaptula, wakajitumbukiza, na kwa muda mfupi, nadhani kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, serikali nzima ilinyamaza kwa raha.

Raha haikudumu. Dokta Pazi alipokuwa akijinyoosha aligonga bega la mtu. Akakodoa macho katika mvuke, akaona kichwa. Kilikuwa kichwa kikubwa, cha duara, kimetulia, kimefumba macho, hakina kofia. Basi kwa kuwa hakuna aliyejua kichwa cha Mkuu kikoje, kila kichwa kilichotulia kingeweza kuwa chenyewe. Dokta Pazi akajikunja ndani ya maji mpaka kidevuni, akasema shikamoo.

Mwenye kichwa kile alikuwa mpagazi, tena ni yule aliyebeba kiti cha Dokta Pazi mwenyewe. Aliitambua sauti mara moja, maana sauti hiyo ilikuwa imemkaripia mlima mzima. Akajua kwamba akiitikia marahaba amejipandisha, na jela inamwita. Akafanya lililo salama. Akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa."

Dokta Pazi akaganda. Aliyeamkiwa amemwamkia. Angeitikia, na kumbe yule ni Mkuu anampima? Akarudia shikamoo kwa unyenyekevu zaidi. Mpagazi naye akarudia kwa unyenyekevu kuliko huo. Waziri wa Ukame, aliyekuwa karibu, akasikia shikamoo mbili zinapita hewani, akadhani Mkuu amefika, akaamkia upande zilikotoka. Wa pembeni yake wakaamkia. Wa ng'ambo wakajibu kwa kuamkia. Haukupita muda bwawa zima likawa linaamkiana, shikamoo huku, shikamoo kule, mawaziri kwa wapagazi, wakurugenzi kwa bibi mmoja aliyekuja kukanda kiuno chake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuitikia.

Na aliyeamkia, kama nilivyosema, haruhusiwi kuondoka mpaka aitikiwe.

Maji yale, wenyeji wanajua, ni ya kukaa kidogo na kutoka. Ukizidisha, unaiva. Wajumbe wakaanza kuiva. Jasho likawatoka mahali ambapo hawakujua pana jasho. Waziri wa Ukame akaanza kuona nyota, akaziamkia. Mtu mmoja alilia pole pole akitaja watoto wake kwa majina. Ukingo ulikuwa hatua chache tu, mtu angeinuka akapanda, lakini wote walikuwa watumishi waaminifu na hakuna aliyeinuka. Bwana Kiondo alikuwa akipapasa katikati yao akimtafuta mkewe, akiamkiwa kila upande na yeye akiamkia kila upande, kichwa kinamzunguka, na hofu ya kweli ikamwingia kwamba watu watakufa hapa kwa adabu.

Ndipo kutoka upande wa juu, penye pembe ya jiwe, ikaja sauti. Ilikuwa nene, ya kukwaruza, haina haraka.

"Marahaba," ilisema. "Marahaba, wanangu. Haya tokeni sasa, mtaiva."

Hakuna hotuba ya nchi hiyo iliyowahi kutekelezwa haraka kama ile. Serikali ilitoka majini kwa mkupuo mmoja, waziri juu ya mkurugenzi, wakajitupa kwenye nyasi wakihema. Walikuwa wekundu, wamenyong'onyea, na wenye furaha isiyoelezeka. Mkuu ametuitikia, walisema. Mkuu ametuita wanawe. Dokta Pazi alitokwa na machozi, akaahidi kwamba siku hiyo itawekwa kwenye kalenda.

Bwana Kiondo hakufurahi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, mwili wote baridi ghafla, kwa sababu sauti ile angeitambua hata usingizini.

Walipokwenda kuchukua kofia, hawakuzikuta. Au tuseme walizikuta, lakini si kama walivyoziacha. Mvuke ulikuwa umefanya kazi yake juu ya uji wa ngano. Kadibodi zilikuwa zimelegea, zimeinama, zimelaliana juu ya jiwe, ndefu na fupi zimekuwa tope moja lenye kitambaa cha kung'aa. Wakasimama kulitazama. Hakuna aliyejua achukue ipi, wala aanze kumwamkia nani. Na kama vile msiba mmoja hautoshi, upepo wa jioni ukashuka kutoka mlimani, ukaufagia mvuke wote juu ya maji.

Penye pembe ya jiwe hapakuwa na Mkuu. Palikuwa na Bi Mwatatu na wanawake wengine wawili, na kanga zao. Kule kwingine walikuwapo wapagazi, na yule bibi wa kiuno.

Rangi ikamtoka Dokta Pazi. Raia mmoja, asiye na kofia wala kidole cha kofia, alikuwa amepokea shikamoo ya Baraza zima la Mawaziri na kuiitikia, tena kwa utulivu. Hapo hapakuwa na kujipandisha tu. Hapo nchi ilikuwa imepinduliwa kwa muda. Akauliza, kwa sauti iliyotetemeka, ni nani aliyeitikia. Wapagazi wakayatazama maji. Yule bibi akawa kiziwi. Dokta Pazi akasema kwamba asipojitaja mwenyewe, watachukuliwa wote. Na hapo akatupa chambo, kwamba mtumishi yeyote atakayemtambua atapata kofia mpya, ndefu, ya mkono mzima.

Bwana Kiondo aliona mkewe anapandisha kanga begani. Alimjua vizuri. Bi Mwatatu hakuwa mtu wa kuacha wengine wakamatwe kwa neno lake. Aliona anavuta pumzi. Sikuambii kwamba Bwana Kiondo alikuwa shujaa. Lakini alipiga moyo konde, akawahi.

"Ni mimi," alisema.

Wote wakamgeukia. Dokta Pazi akamtazama kwa muda mrefu, akijaribu kukumbuka.

"Wewe? Kofia yako ya vidole vingapi?"

Bwana Kiondo akalitazama lile tope juu ya jiwe. "Kwa sasa," akasema, "haina."

Sheria ilikuwa wazi, adhabu ilikuwa wazi, na Dokta Pazi alikwisha kufungua mdomo kumhukumu, alipovutwa pembeni na Waziri wa Ukame, ambaye hofu humtia akili. Alimnong'oneza kwa urefu. Kumshtaki mtu huyu kutahitaji mashtaka. Mashtaka yatasomwa mbele ya watu. Na katika kuyasoma itabidi isemwe kwamba serikali nzima, ikiwa kichwa wazi na kaptula, ilimwamkia Naibu Msaidizi, na wapagazi, na hata nyota. Dokta Pazi akafunga mdomo. Kamati ikakutana tena, safari hii kwa kusimama, na uamuzi ukapatikana upesi. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyeamkia, hakuna aliyeitikia, hakuna aliyeoga. Na ili pasiwe na maswali, Majimoto yenyewe yakatangazwa kuwa hayapo, na Idara ya Milima ikaagizwa iyafute kwenye ramani. Bwana Kiondo naye, kwa kuwa alisikika mahali pasipokuwapo, akaonekana hajawahi kuajiriwa. Walimfuta pamoja na maji.

Jioni ile redio ilisema Siku ya Mlima ilifana, matatizo ni madogo, na Mkuu, aliyekwenda moja kwa moja nyumbani kulala, amewapongeza wote. Lakini hayo Bwana Kiondo hakuyasikia. Mabasi yalipoondoka, yamejaa watu wasioangaliana, yeye alibaki amesimama ukingoni, kaptula inachuruzika maji, kichwa chake kinapigwa na upepo. Wapagazi walirudi majini bila kumwamkia, kwa kuwa hawakuona sababu, naye hakuona kibaya. Hakujua kesho atakula nini. Alijua tu kwamba amemwaga unga wa miaka yote kwa neno moja, na kwamba mkewe yuko kule penye jiwe, anamtazama.

Akaingia majini, akaenda mpaka karibu naye, akakaa. Akamuuliza alikuwa na nini hata akaitikia shikamoo ya serikali.

"Mngekufa," Bi Mwatatu akasema. Kisha akatazama mikono yake ndani ya maji. "Na mimi nilikuwa nimechoka. Miaka yote ninaamkia. Nikasema leo na mimi niitikie."

Bwana Kiondo akasema lile ambalo lilikuwa limemkwama kooni tangu siku ile aliyokohoa mlangoni, nalo lilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Akasema, "Nisamehe, Mama Tunu."

Mkewe alichota maji kwa viganja, akajimwagia usoni, akajifuta kwa ncha ya kanga polepole kuliko ilivyohitajika. Kijua kilikuwa kinateremka nyuma ya mlima, na watu wa vijijini walikuwa wameanza kuja na ndoo zao na watoto wao, wengi, wakitafuta pa kukaa katika chemchemi ile isiyokuwapo. Mtoto mmoja alitumbukiza kidole cha mguu akakitoa mbio, na Bi Mwatatu akacheka kwa ile sauti yake iliyokauka. Kisha akajibanza upande wa jiwe, akaacha nafasi.

"Sogea huku, Baba Tunu," akasema. "Hapo ulipokaa ni pa moto, utaungua."